Kupanga Safari ya Mbali: Misafara ya Nchi ya Shaba ya Lualaba, tangu Bunkeya hadi Kasumbalesa

Mji wa Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umejengwa juu ya uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, nao uko mbali na bahari zote mbili: reli ya kwenda Lobito, bandari ya Angola, ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,700, barabara ya Dar es Salaam inazidi kilomita 2,000, na ile ya Durban inakaribia 3,000. Kwa kuwa utajiri wa nchi hii ni madini mazito ambayo thamani yake hupatikana yakishafika mbali, wenyeji wake na wageni wake hawakuwa na budi kujifunza namna ya kusafiri kwa makundi, kwa miezi mingi, wakipita katika himaya za watawala wasiowajua. Historia ya shaba ya Katanga, nchi ambayo Lualaba ni sehemu yake, huandikwa kwa kawaida kama historia ya migodi, tanuri na makampuni, lakini kabla shaba haijageuka mali ilibidi mtu aamue itaondoka lini, itapita njia gani, itafuatana na nani, na chakula cha wasafiri kitatoka wapi. Maamuzi hayo manne hayakubadilika sana katika karne mbili zilizopita. Aliyebadilika ni mwenye kuyatoa, na kila alipobadilika, faida na hatari za safari ziligawanywa upya.

Uamuzi wa kwanza, yaani wa wakati, ulitawaliwa na mvua. Katika nyanda hizi mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba na kukoma Aprili, na kwa muda huo mabonde mapana ya nyasi yanayoitwa dambo hugeuka kinamasi kinachomeza miguu ya mchukuzi kama kinavyomeza magurudumu ya lori. Kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani, ndipo wachimbaji wa kabila la Wasanga walipokwenda kwenye vilima visivyoota miti, dalili ya udongo wenye shaba, wakachimba malakiti, jiwe la kijani lenye madini hayo, wakaliyeyusha kwa makaa na mivukuto katika tanuri za udongo wa kichuguu. Shaba ilimiminwa katika kalibu zenye umbo la msalaba, na misalaba hiyo imefukuliwa makaburini huko Sanga, kando ya ziwa Kisale katika bonde la Upemba, ambako waakiolojia walianza uchimbuzi mwaka 1957. Kuonekana kwake huko ni ushahidi kwamba shaba ilikuwa ikisafirishwa karne nyingi kabla ya mfanyabiashara yeyote wa pwani kuisikia. Kuyeyusha na kusafiri vilishindania kiangazi kile kile, kwa hiyo aliyetaka kwenda mbali alilazimika kupanga tangu msimu uliotangulia.

Ugumu wa kupata ruhusa ya kupita unaonekana wazi katika safari ya Pedro João Baptista na Amaro José, Waafrika wawili waliokuwa watumwa wa mfanyabiashara Mreno wa Kasanje, Angola, ambao waliondoka mwaka 1802 wakiwa na agizo la kuifikia pwani ya mashariki, wakapitia kwa Mwata Yamvo, mtawala wa Walunda, na kwa Kazembe wa Luapula, na hawakufika Tete, kwenye mto Zambezi, hadi 1811. Si umbali uliowachukulia miaka tisa. Sehemu kubwa ya muda huo, na hasa miaka minne hivi waliyozuiliwa kwa Kazembe, ilikwisha katika kusubiri neno la mtawala, kwani katika Afrika ya kati ya wakati ule njia ilikuwa mali ya yule ambaye ilipita katika nchi yake.

Nusu karne baadaye alikuja mtu aliyeielewa kanuni hiyo kuliko wote. Msiri, ambaye jina lake jingine ni Ngelengwa, alitoka Usumbwa, magharibi mwa Unyamwezi katika Tanzania ya leo, na baba yake, Kalasa, alikuwa amezoea kuijia shaba ya Katanga na kuipeleka kwao. Mwana alifuata njia ya baba, lakini badala ya kununua na kurudi, alibaki. Akiwa na bunduki chache na wafuasi waliokuja kuitwa Wayeke, aliwaweka chini ya mamlaka yake machifu wa nchi na kujenga mji wake mkuu huko Bunkeya, ambao leo umo katika wilaya ya Lubudi, jimbo la Lualaba. Nguvu ya Bunkeya ilitokana na mahali pake, kwani misafara ya mashariki, yenye nguo na shanga za Bahari ya Hindi, na misafara ya magharibi, yenye bunduki na baruti za Atlantiki, ilikutana kwa mtu mmoja aliyemiliki pembe, shaba, chumvi na, kwa masikitiko makubwa, watu walionyang'anywa uhuru wao.

Msafara wa Kinyamwezi, ambao Wayeke waliurithi, ulikuwa taasisi kamili, yenye sheria, vyeo na ujuzi wake, na inafaa kuutazama kwa karibu. Mbele alikwenda kirongozi, yaani mwenye kujua njia na kuwatangulia wenzake, aliyetambulikana kwa joho jekundu na kilemba cha manyoya, ambaye hakuna mpagazi aliyeruhusiwa kumpita. Wapagazi, yaani wachukuzi wa mizigo, walibeba kwa kawaida frasila mbili hivi, ambazo ni kama kilo 32, mbali na mkeka wa mtu, chungu chake na silaha yake. Pembe kubwa ilifungwa kwenye mti na kuchukuliwa na wawili mabegani. Bidhaa za kununulia njiani zilikuwa merikani, kitambaa kisichotiwa rangi kilichopewa jina la nchi kilikotoka, kaniki, yaani kitambaa cha nili, ushanga wa rangi iliyopendwa mahali husika, na nyaya za masango. Hapa palikuwa na mtihani mkubwa wa mpangaji, kwa maana ushanga mwekundu uliotakiwa na kijiji kimoja haukuwa na thamani katika kijiji cha siku tatu mbele, na aliyefunga mizigo yake pwani bila kuuliza habari za mwaka ule aligundua katikati ya safari kwamba amebeba takataka.

Hesabu ya chakula ndiyo iliyouweka msafara hai au kuuangamiza. Posho, yaani chakula cha siku cha msafiri, ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, kipimo cha takriban gramu 700. Kundi la watu 300 likila kwa siku 10 tu lilihitaji zaidi ya tani mbili za nafaka, na kama nafaka hiyo ingebebwa ingewachukua wapagazi 65 na zaidi, nao pia wangehitaji kula. Kwa sababu hiyo hakuna msafara ulioweza kuchukua chakula cha safari nzima; ilibidi kila kituo kiwe karibu na mashamba yaliyovunwa, na hivyo njia haikufuata mstari mfupi bali ilifuata vijiji vyenye akiba na wenye kuuza. Mahali ambapo maji yalikuwa adimu walitumia mwendo wa kutelekeza, yaani waliondoka adhuhuri baada ya watu kunywa na kushiba, wakalala njiani pasipo maji, kisha wakaendelea alfajiri hadi kisima kilichofuata. Siku za kawaida mwendo ulianza kabla ya jua kuchomoza na ukakoma karibu na adhuhuri, na kilomita 15 zilihesabiwa mwendo mzuri. Jioni watu waligawanyika katika makundi madogo ya kupika pamoja, ambayo kila moja lilikuwa na chungu chake, na mara nyingi wanawake waliofuatana na waume zao ndio waliobeba vyombo na kuhakikisha kwamba kuna kuni na unga.

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na maandishi mengi ya wasafiri wa Kizungu yanaonyesha ukweli wa methali hiyo, kwani yanamtaja mpagazi anapogoma au anapotoroka na kumsahau anapowafikisha salama. Ukisoma kwa makini utaona kwamba kugoma kulikuwa na sababu: wapagazi wa Kinyamwezi walijua thamani ya kazi yao, walipatana ujira kabla ya kuondoka, walipima mizigo kwa mikono yao wenyewe, na walikataa kuanza safari ambayo ingewafanya wakose msimu wa kulima. Yaani sehemu ya kupanga safari ilikuwa mikononi mwao. Hilo haliwezi kusemwa kuhusu mateka waliofungwa minyororo na kuongozwa katika misafara hiyo hiyo kuelekea Bihe, Angola, au pwani ya mashariki, na hakuna maelezo ya ustadi wa misafara yanayopaswa kuwaacha nje, kwa kuwa baruti ya Msiri ililipiwa kwa miili yao pia.

Gharama nyingine ilikuwa hongo, ambayo wakati huo haikuwa na maana ya rushwa bali ilikuwa ushuru wa kupita, uliolipwa kwa chifu kwa nguo na nyaya baada ya mazungumzo yaliyoweza kuchukua siku kadhaa. Chifu aliyepokea hongo alipaswa kwa upande wake kuulinda msafara katika ardhi yake, kuuruhusu uchote maji na kuwaruhusu watu wake wauze chakula. Msiri alikuwa mpokeaji wa namna hiyo, tena mkubwa, na aliwaweka wageni Bunkeya kwa muda alioutaka mwenyewe. Frederick Stanley Arnot, mmisionari wa Kiskoti, aliyefika hapo Februari 1886 kwa njia ya Benguela, bandari ya Angola, na Bihe, aliishi kwa miaka miwili chini ya ruhusa hiyo. Upande wa magharibi, kusubiri kulikuwa sehemu ya safari kiasi kwamba Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyekuwa akivuka bara kutoka Bagamoyo na ambaye alisikia habari za shaba ya Katanga akiwa katika nchi ya Waluba, alikaa huko tangu Oktoba 1874 hadi katikati ya 1875, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kwenda peke yake na alilazimika kuungana na msafara wa José António Alves, mfanyabiashara kutoka Bihe, ambaye hakuwa na haraka. Alifika pwani ya Atlantiki Novemba 1875.

Mwisho wa mpango huo uliletwa na msafara mwingine. Kampuni ya Katanga, iliyofanya kazi kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ilimpa William Grant Stairs, mzaliwa wa Kanada, kazi ya kuifikia Bunkeya kabla ya Waingereza, naye aliondoka pwani mwanzoni mwa Julai 1891 na zaidi ya watu 300, wengi wao wakiwa wapagazi wa Zanzibar na Mrima, akapitia Tabora, akavuka ziwa Tanganyika kutoka Karema hadi Mpala, na kufika kwa Msiri katikati ya Desemba. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na Kapteni Omer Bodson wa msafara huo, ambaye naye aliuawa na watu wa Msiri. Stairs alikuwa amepanga vizuri mwendo wa kwenda, lakini alifika mvua zikiwa zimekwisha anza, katika nchi ambayo uasi wa Wasanga dhidi ya Wayeke ulikuwa umeshaivuruga na ghala zake zilikuwa tupu; njaa na maradhi viliwaua wapagazi wengi waliokuwa wamenusurika vita, na Stairs mwenyewe alifariki kwa malaria huko Chinde, pwani ya Msumbiji, Juni 1892. Kwa hiyo dola iliyojitwalia Katanga iliingia kwa kuvunja kanuni ya kwanza ambayo kila mpagazi aliijua, ile ya kutofika mahali pasipo na akiba mvua zikiwa zinanyesha, na waliolipa gharama ya kosa hilo ni wale ambao hawakuulizwa.

Kuanzia hapo kupanga safari kukawa kazi ya ofisi. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya migodi iliyoundwa mwaka 1906, haikuweza kuchimba kwa faida bila reli, na reli ya kwanza ilitoka kusini, kupitia Rhodesia, ikafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, hivyo shaba ya kwanza ya viwandani ilielekea Beira, bandari ya Msumbiji. Wabelgiji hawakupenda mali yao ipite yote katika ardhi ya Waingereza, wakajenga njia ya kaskazini iliyofika Bukama mwaka 1918 na Port-Francqui, sasa Ilebo, mwaka 1928. Hii iliitwa njia ya taifa, ijapokuwa mzigo wake ulipakuliwa kutoka kwenye gari moshi na kutiwa katika meli ya mto hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo, kisha ukapakuliwa tena na kutiwa katika gari moshi la bandari ya Matadi. Njia fupi kuliko zote ilikuwa ile aliyoipigania Robert Williams, Mskoti aliyepata idhini ya kujenga reli ya Benguela mwaka 1902: ilifika mpaka wa Kongo mwaka 1929, na mwaka 1931 ikaunganishwa na reli ya Tenke–Dilolo, ambayo ilipita katika eneo ambalo miaka michache baadaye Union Minière iliujenga mji wa Kolwezi. Kwa maneno mengine, reli ilifufua njia ya misafara ya Bihe, na katika ramani nzima ya ukoloni ni vigumu kupata ushahidi bora zaidi kwamba wafanyabiashara wa kale walikuwa wamechagua vizuri.

Lakini waliosafiri kwa makundi katika miaka hiyo hawakuwa wafanyabiashara. Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kuandikisha wafanyakazi iliyoanzishwa mwaka 1910, ilikusanya vijana kutoka Lomami na kwingineko na kuwapeleka migodini, wengi kwa miguu kwa sehemu kubwa ya njia, na kati ya 1925 na 1930 kampuni iliwaleta pia watu wa Ruanda-Urundi. Walilala katika kambi zilizopangwa, wakapewa posho iliyopimwa, wakachunguzwa na daktari. Orodha ya majina ilikuwa kwa karani, na mwenye kutembea hakujua kama atarudi. Vifo vilikuwa vingi kiasi kwamba mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliona nafuu kubadili utaratibu, ikaanza mikataba ya miaka mitatu na kuruhusu wake na watoto wafuatane na wafanyakazi. Kiswahili cha Katanga kilikua katika kambi hizo, miongoni mwa watu wa lugha mbalimbali waliokutanishwa na safari ambayo hawakuipanga.

Kwa upande mwingine, mtumishi wa Kizungu wa kampuni hiyo alipata likizo ya Ulaya baada ya kila kipindi cha mkataba wake, kilichokuwa pia miaka mitatu hivi, na nauli ya familia nzima ililipwa: gari moshi hadi Cape Town au, baada ya 1931, hadi Lobito, kisha meli, ili watoto waliozaliwa kwenye joto la Lualaba wapate kuiona theluji ya nchi ya wazazi wao. Safari ya mapumziko, ya mtu kutoka kwao kwa hiari na kurudi kwa hiari, ilikuwa haki iliyoandikwa katika mkataba wa baadhi ya watu na kukosekana katika mkataba wa wengine waliofanya kazi mgodi ule ule, na tofauti hiyo haikuwa ndogo kuliko tofauti ya mishahara.

Wapo waliosafiri kwa makundi makubwa bila kupanga kabisa. Julai 1960, siku chache baada ya uhuru, askari wa Elisabethville walipoasi, maelfu ya Wazungu walijaza magari yao na kuelekea mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, kwa misururu mirefu, wakiwa na mafuta waliyoyakuta ndani ya matangi na nguo walizozivaa. Tarehe 11 ya mwezi huo Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo hilo, alitangaza kujitenga kwa Katanga. Kujitenga huko kulikoma Kolwezi, ambako majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliingia Januari 1963, na maelfu ya wanajeshi wa Katanga walikwenda magharibi kupitia Dilolo hadi Angola, kwa njia ile ile ya Bihe. Walikaa huko zaidi ya muongo mmoja. Wao na vijana waliowafuata ndio waliovuka mpaka kurudi Machi 1977, na tena Mei 1978, walipouteka mji wa Kolwezi tarehe 13. Wanajeshi wa Ufaransa waliruka kwa miavuli tarehe 19, mamia ya raia, Waafrika na Wazungu, wakiwa wamekwisha uawa, na Wazungu zaidi ya 2,000 waliondolewa kwa ndege. Wakazi Waafrika wa Kolwezi hawakuwa na ndege ya kuwasubiri. Wengi walikimbilia msituni na vijijini, na kukimbia kwao hakukupigwa picha nyingi.

Vita vya Angola vilikuwa vimeifunga reli ya Benguela tangu Agosti 1975, na kufungwa huko kuliibadilisha ramani ya nchi ya shaba kuliko sheria yoyote. Gécamines, shirika la serikali lililorithi migodi ya Union Minière iliyotaifishwa mwaka 1967, ililazimika kuigawa mizigo yake kati ya njia ya taifa, iliyokuwa ndefu na ya kuchosha, njia ya kusini hadi bandari za Afrika Kusini, na reli ya TAZARA, iliyofunguliwa mwaka 1976 kati ya Kapiri Mposhi, Zambia, na Dar es Salaam. Shirika lililozalisha zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka 1986 lilitoa chini ya tani 50,000 mwaka 1993. Mgodi wa Kamoto, Kolwezi, uliporomoka mwaka 1990, na reli ya ndani ikachakaa. Reli hiyo ilitumika pia katika jambo la aibu, pale Wakongo wenye asili ya Kasai, ambao wazazi na babu zao walikuwa wameletwa kufanya kazi migodini, walipofukuzwa Likasi na Kolwezi mwaka 1992 na 1993. Walipiga kambi kwa maelfu kwenye vituo vya reli, wakisubiri kwa wiki na miezi gari moshi la kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawajawahi kuiona, na wengi, hasa watoto, walifia pale kwenye kituo.

Baada ya Kanuni ya Migodi ya Kongo ya 2002 kuwafungulia mlango wawekezaji, uzalishaji uliongezeka upesi kuliko reli ilivyoweza kutengenezwa, na nafasi ya gari moshi ikachukuliwa na lori. Mwaka 2023 Kongo ilizalisha zaidi ya tani milioni 2.5 za shaba. Kama zote zingepakiwa kwenye malori ya tani 30, kila siku ya mwaka yangehitajika malori zaidi ya 220 ya kutoka, na hesabu hiyo haijagusa haidroksidi ya kobalti iliyofungwa katika mifuko mikubwa, wala salfa, tindikali, chokaa na dizeli zinazoingia. Lori la kwenda Dar es Salaam hutoka Kolwezi kwa barabara ya Likasi, hufika Lubumbashi baada ya kilomita 300 hivi, huvuka mpaka Kasumbalesa, hupita Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi na Mpika, huvuka tena Nakonde na Tunduma, kisha huteremka kupitia Mbeya, Iringa na Morogoro. Lile la Durban huendelea kusini kupitia Lusaka, huvuka mto Zambezi kwa daraja la Chirundu au lile la Kazungula lililofunguliwa mwaka 2021, na la Walvis Bay, Namibia, hupita Livingstone na Katima Mulilo.

Anayeyachunguza maandalizi ya madereva hao, ambao wengi ni Watanzania na Wazambia, ataukuta msafara wa zamani ukiwa umevaa nguo mpya. Chini ya trela kuna sanduku la chuma lenye jiko, sufuria, unga, mafuta ya kupikia na dagaa, kwa kuwa dereva mwenye busara hategemei hoteli za njiani, na jioni wanaume watatu au wanne wa kampuni moja, au wa lugha moja, huweka akiba zao pamoja na kusonga ugali kivulini mwa magurudumu. Posho bado inaitwa posho, ila siku hizi ni fedha anazokabidhiwa dereva pamoja na funguo, naye ndiye anayebeba hasara ikiwa siku za mpakani zitazidi zile zilizokadiriwa na ofisi. Hati hupangwa kwenye bahasha kwa mfuatano wa vituo: pasipoti, cheti cha homa ya manjano, Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima ya ajali inayotambuliwa na nchi kadhaa za njiani, hati za forodha za DGDA, yaani idara ya forodha ya Kongo, cheti cha OCC, ofisi inayokagua ubora na uzito wa bidhaa, na namba ya lakiri iliyofungwa kwenye turubai, ambayo ikikatika hata kwa bahati mbaya humfanya dereva ashukiwe wizi. Magari hayaondoki moja moja; husubiriana kwa sababu ya wezi wanaokata turubai penye mlima, ambapo lori hupanda polepole, na dereva aliyeijua njia kwa miaka mingi huwekwa mbele, pasipo joho wala manyoya, akiwaarifu kwa simu walio nyuma mahali penye kizuizi.

Tofauti kubwa iko kwenye malipo ya njiani. Hongo ya zamani ilinunua ulinzi, maji na soko, na chifu aliyeipokea alijulikana kwa jina na kwa wajibu wake. Dereva wa leo hulipa ada halali ya barabara, kisha hudaiwa kwenye vizuizi mbalimbali kile ambacho Wakongo huita matabishi, fedha ndogo zisizo na risiti, na haziongezi usalama wake hata kidogo. Kasumbalesa penyewe foleni imewahi kufikia makumi ya kilomita, na watu hulala siku nyingi ndani ya vyumba vya malori bila choo wala maji ya uhakika. Agosti 2024, Zambia ilipoifunga kwa muda mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kutokana na mgogoro wa biashara uliofuata hatua ya Kongo kuzuia uingizaji wa bia na vinywaji baridi, walioumia kwanza walikuwa madereva waliokwisha tumia posho yao. Lori lenye uwezo wa kukimbia mamia ya kilomita kwa siku huweza hivyo kuwa na wastani mdogo unaomkumbusha mtu ule wa mpagazi, kwa kuwa kinachopimwa si mwendo bali ni kusubiri, kama ilivyokuwa kwa Baptista na José.

Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini Zambia, ambayo barabara ya Dar es Salaam hupita katikati yake, si mwanachama, kwa hiyo mapatano ya Jumuiya hayaimalizi njia. Wakati huo huo reli ya Benguela imefufuka: ilijengwa upya na kampuni ya Kichina na kuzinduliwa mwaka 2015, na Julai 2023 uendeshaji wake ulikabidhiwa kwa muungano wa makampuni ya Trafigura, Mota-Engil na Vecturis, hivi kwamba shaba ya kutoka Kolwezi imeanza tena kufika Lobito kwa siku chache. Mikataba hiyo imetiwa saini mbele ya marais na mabalozi, na ndani yake mmeandikwa tani, viwango na miaka. Madereva wa Tunduma na Nakonde, wapishi na wauza unga wa Kasumbalesa, na mafundi wa matairi wa barabara ya Likasi, ambao maisha yao hutegemea mzigo utakapopita, hawakuwa na kiti kwenye meza ile, na hadi mtu atakapowawekea kiti, wataendelea kupanga safari zao kwa kile wanachokijua: bei ya dizeli, msimu wa mvua, na majina ya wenzao wanaoaminika barabarani.